Kitabu Hiki Kina Mwenyewe? Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Muda wa Hakimiliki

Chumba chetu cha kusomea kiko Kisumu, si mbali na soko la Kibuye. Tuna rafu nne, meza moja ndefu na mashine ya kupiga picha kurasa za vitabu. Wanaoingia ni walimu, wanakwaya, wanafunzi kutoka Maseno na wazee wenye madaftari yaliyoliwa na mchwa. Siku hizi wengine hupiga simu kutoka Nakuru, Kakamega na Bungoma. Karibu wote huja na swali moja kwa maneno mbalimbali: naruhusiwa kukinakili hiki? Majibu tuliyoyatoa kwa miaka kadhaa tumeyaweka hapa pamoja. Yanahusu sheria ya Kenya, isipokuwa pale tunapotaja nchi nyingine. Kama kazi yako inahusu pesa nyingi, mwone wakili kabla hujapiga chapa.

Hakimiliki ya kitabu huisha lini hapa Kenya?

Miaka 50 baada ya mwandishi kufariki, ikihesabiwa tangu mwisho wa mwaka aliofariki. Ndivyo inavyosema Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na muda huo ni uleule kwa riwaya, shairi, tamthilia, wimbo, mchoro na hata programu ya kompyuta. Siku muda unapokwisha, kazi inaingia milki ya umma: huna wa kumwomba ruhusa, na yeyote anaweza kuichapa, kuisoma redioni, kuiigiza au kuitafsiri.

Kosa tunaloliona karibu kila wiki ni la kuhesabu tangu kitabu kilipotoka. Mtu hufungua kurasa za mwanzo, akaona 1963, akajumlisha 50, akafurahi. Mwaka wa uchapishaji hausemi lolote hapo. Chukua kitabu cha Tom Mboya, Freedom and After, ambacho kweli kilitoka 1963. Kinachohesabiwa ni kwamba Mboya aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Mwaka huo uliisha 31 Desemba. Jumlisha 50, unafika 31 Desemba 2019. Kwa hiyo tangu 1 Januari 2020 maneno yake ni ya kila mtu hapa Kenya, wakiwemo watoto wa Rusinga, kisiwa alikozikwa. Mwalimu wa Rusinga akitaka leo kumpa kila mwanafunzi sura nzima, anaweza. Sisi tunatamani angefanya hivyo.

Mbona sheria isubiri mwisho wa mwaka? Siku ya kifo haitoshi?

Ni kurahisisha hesabu. Mtu hahitaji kujua siku wala mwezi, mwaka tu unatosha. Matokeo yake ni kwamba kazi zote za waliofariki mwaka mmoja hufunguka pamoja, asubuhi ya 1 Januari. Jaramogi Oginga Odinga alifariki 20 Januari 1994. Angefariki wiki tatu tu mapema, Desemba 1993, maandishi yake yangekuwa huru 1 Januari 2044. Kwa kuwa mwaka ulikuwa umegeuka, ni 1 Januari 2045.

Shaaban Robert je? Tunaweza kuchapa mashairi yake kwa ajili ya shule?

Hili ndilo swali tunalolipenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake ni zuri na watu hawaliamini. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Miaka 50 ilikwisha na mwaka 2012. Tangu 1 Januari 2013, alichokiandika kwa mkono wake ni cha umma hapa Kenya, na nyumbani kwake Tanzania pia, kwa kuwa sheria yao ya 1999 nayo ina muda wa miaka 50 baada ya kifo. Shule yenye wanafunzi 80 na nakala tatu zilizochanika haina sababu ya kuendelea kusoma kwa zamu. Piga chapa.

Ila uangalie unanakili nini. Maneno ya Shaaban Robert ni huru. Toleo ulilonunua dukani huenda halijawa huru lote. Mhariri aliyeandika utangulizi mwaka 1995, aliyeongeza maelezo ya msamiati chini ya ukurasa, msanii aliyechora jalada na picha za ndani: kila mmoja ana haki yake, na saa yake inahesabiwa peke yake.

Tulijifunza hilo kwa uchungu. Miaka michache iliyopita tulipiga picha kitabu kizima cha mashairi ya kale, jalada kwa jalada, tukakisambaza kwa walimu kwenye simu. Baada ya mwezi mmoja, mchapishaji alitupigia. Alituuliza kwa upole kama tunajua kwamba michoro ile ni ya mtu aliye hai, anayeishi kwa kuchora. Hatukuwa tumefikiria hata kidogo. Tulifuta nakala zile, tukawaandikia walimu wafute zao, kisha tukakaa chini tukayaandika mashairi yenyewe upya kwenye kompyuta, beti kwa beti, bila utangulizi, bila michoro. Kazi ilichukua Jumamosi sita. Toleo hilo ndilo tunalogawa hadi leo, na mikono yetu ni safi.

Na waandishi wa huku kwetu?

Wengi bado wana muda mrefu mbele. Grace Ogot alituacha mwaka 2015, kwa hiyo kazi zake zitafunguka 1 Januari 2066. Francis Imbuga, mwana wa Vihiga, alifariki 2012: 1 Januari 2063. Ken Walibora, aliyezaliwa Bungoma, alifariki Aprili 2020: 1 Januari 2071. Ngũgĩ wa Thiong'o alifariki Mei 2025, hesabu inafika 1 Januari 2076. Aliye karibu zaidi kati ya majina makubwa ni Jomo Kenyatta. Alifariki Agosti 1978, na maandishi yake yatakuwa huru hapa nchini 1 Januari 2029.

Mwanafunzi mmoja aliposikia 2076 alisema atakuwa bibi kizee. Ni kweli. Muda huu umewekwa uwafae watoto wa mwandishi na wajukuu wake, na kwa waandishi wa nchi hii, ambao wengi hawakutajirika kwa kalamu, mimi binafsi siuonei uchungu. Kinachoniuma ni kazi zilizokwisha kuwa huru na bado zimefungiwa kabatini kwa kuwa hakuna aliyefanya hesabu.

Mwandishi alifariki zamani sana, lakini mimi ninayo tafsiri ya Kiswahili. Inakuwaje?

Tafsiri ni kazi ya pili yenye mwenyewe wa pili. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Shakespeare. Alifariki 1616, hana anayemdai. Lakini Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, kwa Kiswahili tunachokijua, ni kazi za Mwalimu Julius Nyerere, naye alifariki Oktoba 1999. Kiswahili chake kinalindwa hadi mwisho wa 2049. Ukitaka kuigiza Shakespeare leo bila ruhusa ya mtu, rudi kwenye Kiingereza chake na utafsiri mwenyewe. Tafsiri yako itakuwa yako, nayo itakulinda wewe maisha yako yote na miaka 50 juu yake.

Wanakwaya, hili linawahusu sana. Wimbo wa ibada unaweza kuwa na maneno ya mtu aliyefariki karne ya 18, tuni ya karne ya 19, tafsiri ya mtu aliyefariki 1985, na mpangilio wa sauti nne ulioandikwa na mwalimu wa kwaya anayekaa Eldoret. Tabaka mbili za mwanzo ni huru. Tafsiri bado, hadi mwisho wa 2035. Na mwalimu wa Eldoret anangoja simu yako.

Nimesikia nchi nyingine zina miaka 70. Ipi inafuatwa?

Inafuatwa sheria ya mahali unapotumia kazi. Mkataba wa Berne, ambao Kenya iliingia mwaka 1993, unataka kila nchi itoe angalau miaka 50 baada ya kifo. Inayotaka kuzidisha inazidisha. Uganda na Tanzania wako pamoja nasi kwenye 50. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya ziko kwenye 70, India 60, Mexico 100. Marekani kuna hesabu mbili: kazi za karibuni ni maisha na miaka 70, lakini kazi nyingi za zamani hulindwa miaka 95 tangu kuchapishwa.

Ndiyo maana kitabu kimoja kinaweza kuwa huru Kisumu na kufungwa kwingine. George Orwell alifariki Januari 1950. Hapa Kenya muda wake ulikwisha na mwaka 2000. Uingereza, alikozikwa, walingoja hadi 1 Januari 2021. Marekani kitabu chake Animal Farm, kilichotoka 1945, kinalindwa hadi mwisho wa 2040. Mwalimu wa Nakuru anayekipiga chapa kwa darasa lake hana kosa. Angekuwa anakiuza New York angekuwa nalo.

Kuna jambo moja zaidi ambalo watu hulisahau. Mkataba wa Berne unaruhusu nchi yenye muda mrefu kukataa kukipa muda huo mrefu kitabu ambacho katika nchi kilikotoka muda wake umekwisha. Yaani kazi ya mtu wa nchi ya miaka 50 inaweza kupewa 50 ileile hata kwenye nchi ya 70. Si kila nchi hufanya hivyo. Ukiweka kitabu kwenye intaneti, ambako hakuna mpaka wa Busia wala Malaba, eleza palepale kwamba kiko huru kwa sheria ya Kenya, ili msomaji wa nje ajitazamie sheria ya kwao.

Nataka kupiga santuri za zamani kwenye redio yetu ya mtaani. Za miaka ya sitini hazijaisha?

Nusu zimeisha, nusu bado, na hapa ndipo watu wengi huteleza.

Wimbo uliorekodiwa una haki mbili zinazokaa pamoja kama mume na mke lakini hazifi pamoja. Kuna utunzi, yaani maneno na muziki wenyewe: maisha ya mtunzi na miaka 50. Na kuna rekodi, yaani ile sauti iliyonaswa studioni: miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa, haidhuru nani yuko hai. Haki ya waliopiga na kuimba siku ile nayo huhesabiwa miaka 50 tangu walipopiga.

Sasa mtazame Daudi Kabaka, sauti ya Magharibi iliyochezwa kila harusi. Alifariki 2001. Tuseme una santuri yake iliyorekodiwa 1966. Kampuni iliyoirekodi ilimaliza muda wake mwisho wa 2016. Haiwezi kukudai lolote kwa sauti ile. Lakini utunzi wa Kabaka utalindwa hadi mwisho wa 2051, na ukipiga santuri hiyo redioni, warithi wake ndio wanaostahili mirabaha, yaani malipo ya kutumia kazi yake. Vivyo hivyo D. O. Misiani wa benga, aliyefariki hapa Kisumu mwaka 2006: nyimbo alizotunga zitakuwa huru 1 Januari 2057, hata zile ambazo rekodi zake zimekwisha muda.

Kwa hiyo redio inahitaji leseni ya chama cha kukusanya mirabaha ya watunzi. Ninajua kuna wanaosema pesa hizo haziwafikii wazee wa muziki. Hilo ni la kupiganiwa na wazee wenyewe pamoja nasi, wala si sababu ya kuwanyima kabisa.

Na picha za kamera?

Picha ni tofauti na mchoro. Haziangalii kifo cha mpigaji. Ni miaka 50 tangu mwisho wa mwaka picha ilipopigwa, au ilipoonyeshwa kwa umma mara ya kwanza, au ilipochapishwa mara ya kwanza, na inachukuliwa tarehe iliyo ya mwisho kati ya hizo. Filamu nazo ni hivyo hivyo.

Mtu aliwahi kutuuliza kuhusu picha za 25 Oktoba 1969, siku Rais Kenyatta alipokuja hapa Kisumu kufungua hospitali ambayo mpaka leo wazee huiita Russia, watu wakapigwa risasi barabarani. Baba yake mdogo alikuwa miongoni mwa umati. Alitaka kuchapa kijitabu cha kumbukumbu cha familia. Picha zilizotoka magazetini mwaka ule muda wake ulikwisha 31 Desemba 2019, na tulimwambia atumie bila woga. Habari yenyewe iliyoandikwa gazetini tuliitazama kando: isiyo na jina la mwandishi nayo imekwisha, yenye jina hutegemea mwandishi alifariki lini.

Lakini jihadhari na albamu. Picha iliyopigwa 1970, ikakaa sandukuni, ikatolewa kitabuni mara ya kwanza mwaka 2015, inaanza kuhesabiwa 2015. Hiyo itafika mwisho wa 2065 ingawa rangi yake inakuonyesha uzee.

Nina kijitabu cha zamani cha misheni. Jina la mwandishi liko, lakini hakuna anayejua alifariki lini.

Karibu kwenye tatizo letu kubwa. Kama tungeruhusiwa kujibu swali moja tu kwenye ukurasa huu, tungejibu hili.

Vijitabu hivi ni vingi huku Nyanza na Magharibi. Hadithi, mafumbo, historia ya koo, mafunzo ya kilimo, kwa Kijaluo, kwa lahaja za Kiluhya, kwa Kiswahili. Viliandikwa na walimu na makatekista, vikapigwa chapa mara moja, vikaisha. Jina liko kwenye jalada, pengine jina la ubatizo na herufi moja. Basi.

Kama hakuna jina kabisa, au kuna jina la kubuni tu, sheria ina njia: miaka 50 tangu mwisho wa mwaka kilipochapishwa, mradi mwenyewe asijulikane kabla ya hapo. Akijulikana, hesabu inarudi kwenye kifo. Lakini jina likiwepo na kifo kisijulikane, hakuna njia ya mkato, na umri wa kitabu haukusaidii. Fikiria kijana wa miaka 20 aliyeandika kijitabu mwaka 1935. Alizaliwa 1915. Kama Mungu alimjalia akafika miaka 95, alifariki 2010, na kijitabu kile chenye karatasi za manjano kitalindwa hadi mwisho wa 2060. Kama alifariki kwa malaria 1940, kimekuwa huru tangu 1991. Kati ya majibu hayo mawili kuna miaka 70, na kinachoyatenganisha ni tarehe moja ambayo imeandikwa mahali fulani, au haikuandikwa popote.

Basi huitafuta. Mahali pa kwanza ni Gazeti Rasmi la Kenya. Familia inapoenda mahakamani kwa ajili ya mirathi, tangazo hutolewa humo, nalo hutaja marehemu alikuwa wa wapi na alifariki tarehe gani. Matoleo mengi ya zamani yanapatikana kwenye intaneti na unaweza kutafuta kwa jina. Pili, kanisa. Kama alikuwa katekista au mwalimu wa misheni, parokia ina daftari la mazishi. Tatu, shule alikofundisha, maana walimu wakuu wa zamani huandikwa kwenye ubao ofisini na mwalimu mzee hukosekana kwa nadra. Nne, kaburi. Huku kwetu watu huzikwa nyumbani, na msalaba wa saruji una tarehe mbili.

Tulikuwa na kijitabu cha hadithi za sungura na fisi cha mwalimu mmoja wa upande wa Siaya. Gazeti Rasmi halikuwa na kitu, na daftari la parokia lilikuwa limelowa maji. Mwishowe tulipanda matatu, kisha bodaboda, tukafika nyumbani kwake. Mjukuu wake, mama wa makamo, alitutembeza nyuma ya mgomba, akafuta majani kwa kiganja. 1971. Alituuliza kwa nini tunalia. Tulimweleza kwamba hadithi za babu yake zilikuwa huru tangu 1 Januari 2022, na kwamba kwa sheria hatukuhitaji hata kumwomba, lakini tumekuja kumwomba. Hakuwahi kujua kwamba babu yake aliandika kitabu. Sasa anacho.

Ninawaomba kwa dhati: mkimzika mzee aliyewahi kuandika chochote, wimbo wa kanisa, kamusi ndogo, historia ya ukoo, andikeni nyuma ya jalada jina lake kamili na mwaka aliofariki. Kalamu ya risasi inatosha. Atakayekishika kitabu hicho baada ya miaka 50 atakuwa na jibu mkononi.

Tulikiandika watu wawili. Tunahesabu kifo cha nani?

Cha yule atakayefariki mwisho. Hii ni pale mlipoandika kitu kimoja kisichogawanyika. Kama ni mkusanyiko wa hadithi fupi za waandishi kumi, kila hadithi ina muda wake.

Baba aliuza haki zote kwa mchapishaji. Muda unabadilika?

Haubadiliki. Anayemiliki amebadilika, lakini saa inabaki ya baba. Kama hakuuza, haki ilirithiwa kama mali nyingine isiyo ardhi. Mwombaji ruhusa amtafute aliyepewa na mahakama barua za usimamizi wa mirathi. Kwenye boma lenye nyumba tatu, sahihi ya kaka mmoja anayekaa mjini haitoshi. Tumeona ugomvi ukizuka kwa ajili hiyo.

Kitabu hakichapwi tena, na mchapishaji alifunga zamani. Si huru basi?

La. Kutopatikana sokoni hakumalizi hakimiliki.

Nimekikuta kwenye intaneti, bure kabisa.

Bure si huru. Mtu anaweza kukuruhusu usome bila malipo na bado akamiliki kila neno. Kuna kazi nyingine zilizotolewa kwa leseni huria, ambapo mwenyewe yu hai na anakuruhusu unakili kwa masharti, mara nyingi kwamba umtaje jina. Hadithi za watoto za African Storybook ni za aina hiyo, nazo zipo za Kiswahili na za Kijaluo. Hizo si za milki ya umma, lakini kwa mwalimu wa darasa la pili anayetafuta cha kusomesha Jumatatu, ndizo tunazomwonyesha kwanza.

Sheria za nchi na hukumu za mahakama zina hakimiliki?

Hazina. Sheria ya Hakimiliki yenyewe imeziondoa tangu mwanzo. Nakili Katiba upendavyo.

Sigana (hadithi) za bibi, vitendawili, ngoma ya Isukuti: hizo ni za umma, maana hazina mtunzi?

Kwa hesabu ya kifo cha mtunzi ungesema hivyo, na kwa miaka mingi wageni walisema hivyo, wakarekodi, wakauza. Lakini tangu 2016 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Matamshi ya Kitamaduni, na Katiba ya 2010 katika kifungu cha 11 inataka jamii zilipwe kwa matumizi ya utamaduni wao. Ulinzi wa sheria hii hauna miaka 50 wala 70. Unadumu maadamu jambo lenyewe bado ni la jamii ile, na kaunti ndizo zinazotakiwa kuweka daftari la mambo hayo.

Isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Kuicheza kwenye harusi yenu ni sawa, ndiyo maisha yake. Kampuni ya kutoka nje inayotaka kuitia kwenye tangazo la biashara inapaswa kuketi na wazee kwanza. Kumbuka pia kwamba ukirekodi sigana ya nyanya yako, au ukaiandika kwa maneno yako, rekodi ile na maandishi yale yana hakimiliki ya kawaida. Sigana yenyewe haijawa yako.

Kazi ikishakuwa huru naweza kuiuza? Naweza kuibadilisha?

Unaweza kuuza, unaweza kufupisha, unaweza kuigeuza tamthilia. Sheria imempa waziri uwezo wa kuweka ada kwa matumizi ya kazi za milki ya umma, kwa hiyo anayepanga biashara kubwa aulize kwanza kwenye Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Utakachoongeza wewe kinakuwa chako. Usijaribu kuwazuia wengine wasitumie cha zamani.

Jina la mtunzi lisiondolewe. Sheria inatambua haki ya mtunzi kutajwa na kutoharibiwa kazi yake, na hata kama ingenyamaza, sisi kwenye chumba hiki hatutapokea shairi la marehemu lililotiwa jina la aliye hai.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimeandika mashairi 60. Sitaki wajukuu wangu wangoje hadi miaka 50 baada yangu. Naweza kuyaachia umma sasa?

Ndiyo, mwalimu. Sheria inamruhusu mtunzi kuiachilia haki yake mwenyewe, kwa maandishi, na kutangaza hadharani, mradi asivunje mkataba aliokwisha kuutia sahihi. Kama uliwahi kumpa mchapishaji baadhi ya mashairi hayo, soma mkataba kwanza. Kama ungependa kubaki na neno kidogo, kwa mfano kwamba jina lako litajwe na yeyote asiyauze bila kukuuliza, basi leseni huria itakufaa kuliko kuachilia kabisa.

Nije na nini nikitaka mnisaidie kuhesabu?

Njoo na kitabu chenyewe, si picha ya jalada peke yake, maana tabaka ziko ndani. Ukiweza, njoo na mwaka aliofariki mwandishi, mfasiri na mchoraji. Kama hujui, njoo na jina la kijiji chake na jina la mtu wa ukoo anayepatikana kwa simu. Tutaanza na Gazeti Rasmi, na likikosa, nauli ya kufika kaburini tutachanga.